Nimepelekewa wito wa mahakama, jirani anadai haki ya njia ndani ya kiwanja changu. Nijibuje?

Mleta mada

Wakuu, naomba msaada wa mawazo, hasa kwa wanaojua sheria za ardhi.

Nina kiwanja nilichonunua kwa mtu mwenye hati, nikahamisha umiliki kihalali, na jina langu ndilo lililoko kwenye daftari la ardhi. Nyuma yangu kuna jirani ambaye tangu kabla sijanunua amekuwa akipita pembeni mwa kiwanja hiki kufika barabarani. Nilipoanza kuchimba msingi wa ukuta akalalamika. Tukazungumza, hatukuelewana. Sasa nimeletewa wito pamoja na hati ya madai. Anaiomba mahakama itamke kwamba ana haki ya njia, inizuie kujenga, na nimlipe fidia ya usumbufu. Kuna ombi jingine la zuio la muda, limeambatanishwa na kiapo chake.

Kwenye hati yangu hakuna mahali palipoandikwa habari ya njia. Ndiyo maana najiuliza: haitoshi kwenda siku ya kesi na hati mkononi, nimwonyeshe hakimu? Shemeji yangu anasema nisingesaini kabisa kupokea ule wito. Nimeshasaini. Usingizi umenipaa, maana hii ardhi ndiyo jasho langu lote.

Mchangiaji wa kwanza

Pole sana mkuu. Hati yako, ardhi yako. Usihangaike kuandika chochote, subiri siku ya kesi. Na huo ukuta malizia haraka, kesi ikianza kusikilizwa uwe umeshasimama, atabomoa nani?

Wakili wa ardhi

Mleta mada, nakuomba usifuate ushauri huo hapo juu hata kidogo. Najua umetolewa kwa nia njema, lakini unaweza kukugharimu kesi yote kabla haijaanza.

Nianze na ukuta. Mahakama ikiona mtu ameletewa madai kisha akakimbilia kujenga, ukuta ule haumkingi. Unakuwa ushahidi wa jinsi anavyoiheshimu mahakama. Kuna kesi ya Uingereza ya mwaka 1895, ya haki ya mwanga (yaani jirani asizibiwe mwanga wa madirisha yake), ambapo mdaiwa alikwepa kupokea wito huku jengo likiendelea kupanda. Mwisho wake aliamriwa kubomoa. Ni zaidi ya karne sasa na fikra haijabadilika. Simamisha ujenzi leo. Kusimamisha si kukubali madai, na unaweza kuandika hivyo waziwazi kwenye majibu yako: kwamba umesimama kwa heshima ya mahakama, bila kukiri lolote.

Kuhusu kusaini, umefanya vizuri. Kukataa hakufuti wito. Mpeleka nyaraka anaandika kwamba umekataa, anakula kiapo, na mahakama inahesabu kuwa umepata. Mtu asipopatikana, mahakama inaweza kuruhusu wito ubandikwe mlangoni au utangazwe gazetini. Kinachobaki ni kwamba siku zinaenda na wewe hujasoma unachodaiwa.

Sasa siku zenyewe. Chukua ule wito ukausome neno kwa neno. Upo wito wa kufika tu tarehe fulani, na upo wito wa kuwasilisha utetezi wa maandishi ndani ya muda fulani. Wako, kwa ulivyoeleza, unaelekea kuwa wa pili. Huo ukishapewa, kwenda mahakamani siku ya kesi na hati mkononi bila kuwa umewasilisha majibu ni sawa na kutojibu. Muda unatofautiana nchi na nchi. Tanzania, chini ya Sheria ya Mwenendo wa Madai, ni siku 21 tangu kupelekewa wito. Kenya unaanza na taarifa ya kuonekana mahakamani ndani ya muda uliotajwa kwenye wito, kisha utetezi ndani ya siku 14. Uingereza ni siku 14 baada ya kupata maelezo ya madai, au 28 ukiwa umethibitisha kwanza kupokea. Mahakama za shirikisho za Marekani zinatoa siku 21, za jimbo la California 30. Usitegemee ya jirani wala ya mtandaoni. Tegemea iliyoandikwa kwenye karatasi uliyoshika, na kama haisomeki vizuri nenda masjala ya mahakama na namba ya shauri ukamuulize karani. Safari hiyo hiyo inakuthibitishia kwamba shauri lipo kweli, maana matapeli nao wanatengeneza wito. Namba ya simu iliyoko kwenye wito wenye mashaka usiipige kwanza.

Ukikaa kimya hadi muda ukaisha, mdai anaruhusiwa kuomba hukumu ya upande mmoja. Jirani yako atapewa njia, huenda na upana anaoutaka yeye, bila mtu yeyote kuuliza swali hata moja.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize kuliko pengine pote. "Ardhi ni yangu" si utetezi katika kesi ya namna hii. Haki ya njia kwa asili yake ni haki juu ya ardhi ya mtu mwingine. Hakuna mtu anayeweza kuwa na haki ya njia juu ya ardhi yake mwenyewe. Kwa hiyo jirani anapofungua shauri hili, anaanza kwa kukubali kwamba kiwanja ni chako, na madai yake yote yanasimama juu ya jambo hilo. Ukimwonyesha hakimu hati, utakuwa umethibitisha kitu ambacho hakuna aliyekibishia. Swali ni je, kiwanja chako kinabeba mzigo wa njia au hakibebi. Majibu yako yote yaelekee hapo.

Mleta mada

Asante sana wakili, umenifungua macho. Ujenzi nimeusimamisha. Sasa huo mzigo unatoka wapi kama hauko kwenye hati?

Wakili wa ardhi

Swali zuri, na ndilo litakaloamua uandike nini.

Chanzo kilicho wazi kuliko vyote ni maandishi: mmiliki fulani wa kiwanja chako aliwahi kumpa jirani haki hiyo kwa hati, ikasajiliwa. Kaombe daftari lote la kiwanja, usiishie kwenye ile nakala uliyonayo ndani. Omba na la kiwanja chake pia, kwa sababu wakati mwingine haki imeandikwa kwa anayenufaika na kusahauliwa kwa anayebeba. Hili halihitaji maelezo mengi. Lipo au halipo.

Lakini zipo haki zinazozaliwa bila karatasi, na katika mifumo mingi ya usajili zinaweza kumbana mnunuzi hata kama daftari limenyamaza.

Moja ni matumizi ya muda mrefu. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1832 ilitaja miaka 20, na ile ya India ya 1882 vilevile miaka 20. Kenya nayo ni miaka 20. Muda peke yake hautoshi. Mdai lazima awe amepita kama mtu mwenye haki, yaani bila kutumia nguvu, bila kificho, na bila ruhusa. Hilo la mwisho huwashangaza watu. Kama mmiliki wa zamani alimwambia "pita tu jirani yangu, hakuna shida", basi alipita kwa hisani, na hisani haigeuki kuwa haki hata ikidumu vipi. Ufaransa wamekwenda mbali zaidi: kwa Sheria yao ya Kiraia haki ya kupita haipatikani kwa matumizi ya muda mrefu hata kidogo. Inahitaji hati, au iwe ile ya ardhi iliyozingirwa.

Na hiyo ya kuzingirwa ndiyo ya kuiogopa. Ardhi isiyo na njia kabisa ya kufika barabarani haiachwi hivyo hivyo. Kwa mahakama zinazofuata asili ya Kiingereza, haki ya lazima huzaliwa pale ardhi moja inapogawanywa na kipande kimoja kikabaki kimefungiwa. Sheria inachukulia kwamba aliyegawa alikusudia kipande kile kifikike. Wafaransa, tangu sheria yao ya 1804, hawajali sana kama ardhi iliwahi kuwa moja. Aliyezingirwa anadai njia, lakini analipa fidia kulingana na hasara anayomsababishia jirani, na njia inapitishwa pale palipo pafupi kufika barabarani na penye madhara madogo zaidi kwa mwenye ardhi.

Kisha kuna mgawanyo wenye dalili za wazi. Katika kesi ya Wheeldon dhidi ya Burrows ya mwaka 1879 ilielezwa kwamba mtu akiuza sehemu ya ardhi yake, mnunuzi hupata pamoja nayo zile huduma zilizokuwa zikitumika wazi na kwa kuendelea, kama njia iliyokanyagika, zilizo muhimu kwa matumizi ya kawaida ya kipande hicho.

Kwa hiyo nikuulize, na usinijibu haraka: viwanja hivi viwili viliwahi kuwa mali ya mtu mmoja? Nani aliuziwa kwanza? Na jirani ana upande mwingine wowote wa kutokea?

Mleta mada

Nimekwenda kumuuliza aliyeniuzia. Ndiyo, vilikuwa shamba moja la familia. Waliuza kipande cha nyuma kwanza, kwa huyu jirani, cha mbele wakabaki nacho mpaka waliponiuzia mimi. Upande mwingine wa jirani kuna kijito na nyuma kuna nyumba za watu. Kwa miguu labda anaweza kuzunguka, ila si kwa gari.

Anasema pia kwamba wao hawakuwahi kumzuia kupita, lakini kwa gari hakuwahi. Gari ameanza baada ya mimi kununua.

Wakili wa ardhi

Asante kwa kuleta habari yote, hata ile inayokuumiza. Wengi huficha sehemu hiyo kwa wakili wao wenyewe, kisha wanaisikia ikisomwa na wakili wa upande wa pili.

Nitakuambia ukweli. Kukanusha kabisa kwamba jirani ana njia yoyote itakuwa vita ngumu. Ardhi ilikuwa moja, cha nyuma kiliuzwa kwanza, wenye ardhi walimwona akipita wakamwacha. Lakini kesi yako haijaisha, imehama mahali pake. Ulizo lenye maana sasa ni njia ya namna gani, upana gani, inapita wapi, na nani anaitunza. Hapo una mengi ya kusema.

Haki ya kupita kwa miguu haijigeuzi kuwa haki ya kupita kwa gari kwa sababu tu mtu amenunua gari. Upana wa haki inayotokana na matumizi hupimwa kwa matumizi yenyewe. Kuna sheria nyingine ya zamani, tangu kesi ya Harris dhidi ya Flower ya mwaka 1904: njia iliyotolewa kwa ajili ya kiwanja fulani haiwezi kutumika kuhudumia kiwanja kingine alichoongeza mwenye nacho. Kama jirani amenunua kipande cha ziada huko nyuma, litaje.

Nawe pia kuna mipaka. Mwenye ardhi anaweza kuendelea kuitumia sehemu ya njia ili mradi hamzuii mwenye haki kwa kiasi kikubwa. Geti lisilofungwa kwa kufuli mara nyingi hukubalika. Ukuta unaoziba, hapana.

Sasa kuandika. Utetezi hauandikwi kama barua ya malalamiko. Hati ya madai ina aya zenye namba, na wewe unajibu aya kwa aya: unakubali, unakanusha, au unasema hulijui na unamtaka athibitishe. Jambo usilolikanusha waziwazi linaweza kuhesabiwa kuwa umelikubali. Na kukanusha kwa jumla, kusema "mdaiwa anakanusha yote", hakuna uzito. Kwa mfano, kwa habari ulizonipa:

"Aya ya 1 na ya 2 zinakubaliwa. Aya ya 3 inakubaliwa kwa kiasi kwamba mdai amekuwa akipita kwa miguu pembeni mwa kiwanja cha mdaiwa. Inakanushwa kwamba mdai alikuwa na matumizi ya gari kabla ya mdaiwa kununua kiwanja hicho. Aya ya 4 inakanushwa. Mdaiwa anaeleza kwamba, iwapo mahakama itaona mdai ana haki yoyote ya njia, basi haki hiyo ni ya kupita kwa miguu tu, kwenye ukingo wa kiwanja. Kuhusu aya ya 5 inayodai hasara, mdaiwa hana ufahamu nayo na anamtaka mdai aithibitishe."

Ona neno "iwapo". Sheria inakuruhusu kujitetea kwa ngazi: kwanza hana haki; kama anayo, ni ndogo kuliko anavyodai; na hata kama ni kubwa, fidia anayoitaka haina msingi. Usiandike usichoweza kukithibitisha wala kile unachojua si kweli. Ukishikwa na uongo kwenye aya moja, aya nyingine zote zinapoteza nguvu.

Kama una dai lako dhidi yake, mathalani amekung'olea alama za mpaka au ameharibu msingi, liweke hapo hapo kama madai kinzani. Angalia pia kama kuna pingamizi la awali la kweli: mahakama isiyo na mamlaka juu ya thamani au eneo hilo, au mdai ambaye si mmiliki wa kiwanja cha nyuma. Na kama kiwanja mnamiliki pamoja, wewe na mwenzi wako au ndugu, na mwenzako hakuunganishwa kwenye shauri, litaje mapema.

Na lile ombi la zuio la muda lina maisha yake tofauti. Linajibiwa kwa kiapo kinzani, na tarehe yake huwa ya karibu zaidi. Watu hujikita kwenye hati ya madai wakasahau ombi, wakafika wakakuta zuio limeshatolewa. Afrika Mashariki mahakama nyingi hutazama vipimo vilivyotajwa kwenye Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: kama mwombaji ana kesi yenye mwelekeo wa kushinda, kama atapata hasara isiyofidika kwa pesa, na mahakama ikiwa na shaka, itazame nani ataumia zaidi. Kwa kuwa umesimamisha ujenzi, una jambo la nguvu la kusema: hakuna dharura.

Mpima

Naomba niongezee upande wa uwanjani, maana kesi nyingi za njia nimeona zikikwama kwa sababu hakuna anayejua njia yenyewe iko wapi.

Mleta mada, usibishanie upana kwa maneno. Mtafute mpima mwenye leseni, apime mpaka wenu na njia inayotumika sasa, achore kwenye ramani moja, na kama inawezekana jirani awepo siku hiyo au awe na mpima wake. Ramani ya kila upande peke yake inazua ugomvi mpya. Tafuta na picha za zamani za kutoka angani, maana zile za setelaiti zinaonyesha vizuri mstari uliokanyagika ulikuwa wapi mwaka gani. Hizo huwa zinanyamazisha ubishi wa nani alipita lini.

Na mkifika kwenye upana, kumbukeni kona. Sheria za kale za Roma, zile za Mbao Kumi na Mbili, zilitaka njia ya magari iwe futi 8 palipo nyoofu na futi 16 penye kona. Zaidi ya miaka 2,400 iliyopita walishaelewa kwamba mkokoteni haukati kona kwenye upana uleule. Watu wengi leo wanaandika upana mmoja kwa njia nzima, kisha ugomvi unarudi pale pale kwenye kona.

Mwenye kiwanja cha nyuma

Mimi si jirani wa mleta mada, lakini niko upande kama wa huyo jirani, nikaona niseme kidogo.

Watu mnaposikia tumewafungulia kesi mnadhani tunataka ardhi yenu. Mimi nilipofungua, sikutaka hata hatua moja ya ardhi ya mtu. Nilikuwa na mama mgonjwa na gari la wagonjwa halikuweza kufika mlangoni. Tulimbeba kwa mikono mpaka barabarani. Nilikwenda kwa mwenye kiwanja cha mbele nikamweleza, akanijibu kwamba nilinunua nikiona. Ndiyo, nilinunua nikiona njia, kwa sababu njia ilikuwepo! Kama angeniambia tu "tukae tuangalie upande usioharibu nyumba yangu", nisingekwenda mahakamani. Naomba mleta mada amuulize jirani yake anahitaji nini hasa, kabla ya kuuliza ana haki gani.

Mleta mada

Mama, pole kwa mama yako, na asante kwa kusema. Sikuwahi kulifikiria upande huo. Jirani yangu naye ana mzee ndani, nakumbuka sasa.

Wakili, nikizungumza naye wakati kesi inaendelea, si ataniripoti kwamba nimekubali?

Wakili wa ardhi

Mama amesema jambo ambalo mawakili wengi tunachelewa kuliuliza.

Zungumza naye, lakini kwanza wasilisha utetezi wako ndani ya muda. Mazungumzo hayasimamishi siku za mahakama isipokuwa mahakama yenyewe imekubali kuongeza. Nimeona watu wazuri, wenye nia ya kupatana, wakipigwa hukumu ya upande mmoja huku wakisubiri kikao cha familia.

Pili, kwenye barua au ujumbe wowote wa suluhu, andika juu kabisa kwamba ni mazungumzo ya kutafuta suluhu na yasitumike kama ushahidi. Katika mifumo mingi mazungumzo ya namna hiyo yanalindwa, ili watu wasiogope kupatana. Hata hivyo, mkiongea ana kwa ana, ongea kuhusu njia, si kuhusu kesi.

Na uwe na pendekezo mkononi. Mfano: njia ihame kutoka pembeni ilipo sasa hadi ukingoni kabisa, ipanuke penye kona ili gari la wagonjwa lipite, magari mengine yasipite au yapite kwa masharti, yeye achangie matengenezo. Ukuta wako unasogea kidogo lakini unajengwa kwa amani. Hakimu akitoa hukumu, ana uwezo wa kusema haki ipo au haipo, na ipo wapi. Kuipanga upya ili iwafae nyote wawili ni jambo mnaloliweza vizuri zaidi nyinyi.

Mchangiaji mwingine

Wakili samahani kwa kuingilia. Kesi yangu inafanana, ila mimi wito ulibandikwa kwenye nyumba niliyokuwa nimeshahama. Nimejua nilipoletewa amri ya kutekeleza hukumu. Nimeshachelewa?

Wakili wa ardhi

Hujachelewa, lakini usilale na hiyo karatasi. Unaomba mahakama ileile iliyotoa hukumu iitengue. Itataka mambo mawili kwako: sababu ya kutofika, ambayo wewe unayo nzuri ukiithibitisha kwa mkataba wa kupanga au risiti zinazoonyesha ulikuwa umehama lini, na utetezi wenye mashiko. Hilo la pili watu hulisahau. Wanaeleza kwa nini hawakuja, hawaelezi wangesema nini kama wangekuja. Kwa hiyo ambatanisha rasimu ya utetezi kwenye maombi yako. Omba papo hapo utekelezaji usimamishwe hadi maombi yasikilizwe, vinginevyo wanaweza kuja kubomoa ukuta huku maombi yako yakiwa bado masjala. Na eleza kila siku iliyopita tangu ulipojua. Kuchelewa baada ya kujua kunaua maombi mengi kuliko kuchelewa kwenyewe kwa mwanzo.

Mleta mada

Mrejesho wakuu. Utetezi na kiapo kinzani nimewasilisha ndani ya muda kwa msaada wa wakili niliyemtafuta huku, nakala ya mdai amepelekewa, na yangu nimerudi nayo ikiwa na muhuri wa mahakama na tarehe. Kwenye ombi la zuio tulikubaliana mbele ya hakimu kila kitu kibaki kilivyo, shauri likapelekwa kwenye usuluhishi. Mpima amekuja, na jirani alikuwepo. Kuhusu gari la wagonjwa tumeelewana, tunabishania kona na nani atalipia kokoto.

Swali langu la mwisho: tukikubaliana, si inatosha tuandikiane na kusaini mbele ya mashahidi?

Wakili wa ardhi

Hongera, na mpe jirani salamu.

Haitoshi. Makubaliano yenu yawasilishwe mahakamani yarekodiwe kuwa amri, shauri lifungwe kwa hayo. Yaambatane na ramani ya mpima, si maneno "pembeni mwa kiwanja". Yaandike upana palipo nyoofu na upana wa kona, aina ya vyombo vinavyoruhusiwa, nani anatengeneza na kwa uwiano gani, geti litakaaje, na kwamba njia ni kwa ajili ya kiwanja cha nyuma peke yake. Yaseme pia kwamba madai ya fidia yameondolewa na kila mtu anabeba gharama zake, kama ndivyo mlivyoafikiana. Kisha yasajiliwe kwenye daftari la viwanja vyote viwili. Mkiandikiana tu wawili, yanawafunga wawili. Siku mmoja wenu akiuza au akifariki, mnunuzi au mrithi atasema hayajui, na atakuwa na hoja. Kokoto gawaneni kulingana na matumizi: yeye ndiye anayepita, achukue sehemu kubwa.